Maandishi ya Kifaransa, Masimulizi ya Kiswahili: Wachoraji wa Lubumbashi na Maonyesho ya Mwaka 1999

Mwaka 1999 jumba la makumbusho ya sanaa za Kiafrika la New York lilifungua maonyesho yaliyoitwa A Congo Chronicle, yaliyokusanya michoro ya wasanii wa mijini wa Kongo kuhusu maisha na kifo cha Patrice Lumumba. Msimamizi wake alikuwa mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki. Miongoni mwa wachoraji hao alikuwamo Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kama wenzake wengi, Tshibumba aliandika maelezo mafupi ya Kifaransa juu ya kitambaa alichochorea. Ni rahisi kwa mtazamaji kudhani kwamba hiyo ndiyo lugha ya kazi yenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba maandishi hayo ni kibao cha mlangoni. Historia iliyomo ndani ilisimuliwa kwa Kiswahili.

Michoro hii haikukusudiwa kutundikwa katika makumbusho. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa miji ya migodi ya Katanga (Shaba, kwa jina la wakati wa Mobutu) waliwauzia wafanyakazi, makarani na wachuuzi, nao wakaitundika sebuleni. Kitambaa mara nyingi kilikuwa gunia la unga. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walioichunguza wakati huo, walikuta wenyeji wakiigawa kwa maneno yao wenyewe: mambo ya bankambo, mambo ya zamani na mambo ya sasa. Neno lililobeba uzito mkubwa zaidi lilikuwa ukumbusho. Katika Kiswahili sanifu neno hilo linaweza kutaja hata zawadi ndogo ya safari. Kwa watu wa Shaba lilikuwa kipimo cha ubora: mchoro mzuri ni ule unaomfanya mtu akumbuke, afikiri, kisha aseme. Ule uitwao Colonie belge, unaoonyesha mfungwa akichapwa kiboko chini ya bendera ya Ubelgiji, ulikuwa na maana kamili pale mwenye nyumba alipomweleza mgeni wake yaliyompata baba yake.

Kati ya mwishoni mwa 1973 na 1974 Tshibumba alimpelekea Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Lubumbashi, mfululizo wa michoro inayozidi 100 kuhusu historia ya Zaire, tangu enzi za wafalme wa kale hadi maono yake kuhusu siku zijazo. Kila mmoja aliusimulia kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikiwaka. Alijiona mwanahistoria, na haifai kulichukulia dai hilo kama majivuno. Umo, kwa mfano, mgomo wa Desemba 1941, ambapo wafanyakazi wa Union Minière waliodai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na askari kwenye uwanja wa mpira. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Tshibumba alizaliwa miaka sita baadaye. Alichokichora ni ushahidi wa mitaani, aliousikia kwa wazee, ambao nyaraka za kampuni haziutoi.

Mfano wa Lumumba una uzito zaidi. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito, karibu na mji ambao ulikuwa makao ya serikali iliyojitenga. Tshibumba alimchora akiwa maiti, na nyuma yake misalaba mitatu. Mtazamaji asiye na masimulizi hukisia tu: je, huu ni uchamungu, au ni mazoea ya mchoraji aliyekulia katika mji wa misheni? Katika mazungumzo yaliyorekodiwa mchoraji anaeleza kwamba, kwa maoni yake, Lumumba alikuwa Yesu wa Zaire. Maneno hayo “kwa maoni yake” ni muhimu, kwani yanatenganisha tukio na tafsiri, jambo ambalo brashi peke yake haiwezi.

Kuanguka kwa bei ya shaba katikati ya miaka ya 1970 kuliwapunguzia wachoraji wateja wa sebuleni. Habari za uhakika za Tshibumba zinakoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfululizo wake uliishia Tropenmuseum, Amsterdam. Kitabu cha Fabian cha 1996 kiliuchapisha pamoja na masimulizi, lakini kwa tafsiri ya Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili yaliwekwa katika hifadhi ya intaneti.

Lubumbashi yenyewe haikunyamaza. Mwaka 2008 wasanii wa huko, akiwamo Sammy Baloji, walianzisha maonyesho yanayorudiwa kila baada ya miaka kadhaa na kuyapa jina la Kiswahili, Picha. Katika mfululizo wake Mémoire wa 2006, Baloji aliweka sura za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni juu ya magofu ya Gécamines. Huo nao ni ukumbusho, kwa maana ya Shaba.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, masimulizi ya Tshibumba ni mali ya eneo zima. Kishawishi cha wahariri kitakuwa kuyasanifisha: bankambo wawe mababu, na sentensi zilizochanganyika na Kifaransa zinyooshwe. Kufanya hivyo kungefuta sauti ileile inayotafutwa. Chapa inayofaa ingeweka maneno ya mchoraji yalivyotamkwa, ufafanuzi wa Kiswahili sanifu pembeni, na mchoro juu yake. Kwa sasa mwalimu wa historia wa Kigoma au Kalemie anayetaka kuyaona yote mahali pamoja hana budi kufungua kitabu cha Kiingereza.