Misheni ya Urambo: Historia Fupi ya Kanisa Lililoanzia kwa Mirambo

Wamoravian wa magharibi mwa Tanzania huhesabu miaka yao kuanzia 1898. Hesabu hiyo ni halali, ila inairuka miaka 19 iliyoitangulia.

Mwaka 1879 Dk. Ebenezer Southon, wa Chama cha Misheni cha London, aliingia Urambo, magharibi ya Tabora. Mwenyeji wake alikuwa Mtemi Mirambo, ambaye tangu 1871 alipigana na Waarabu wa Unyanyembe na kuifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Tusijidanganye kwamba mtemi alikuwa na kiu ya Injili. Alitaka biashara, na mtu wa kumsemea kwa Balozi wa Uingereza, John Kirk, kule Unguja. Southon naye alianza na kazi aliyoijua: alimpasua mtemi uvimbe wa mkononi. Urafiki wao ulitokana na kisu hicho, wala si mahubiri.

Mwaka uliofuata Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa Pimbwe katika mapigano yaliyowahusisha wapiganaji wa Mirambo. Kirk akampa mtemi kisogo, ingawa Southon alimtetea kwa barua. Julai 1882 Southon mwenyewe alifariki, baada ya kupigwa risasi ya mkono kwa bahati mbaya na kukatwa mkono huo. Desemba 1884 akafa Mirambo, na dola yake ikaanza kumeguka. Misheni ilidumu, lakini waongofu walikuwa wachache mno. Vituo vingine vya chama hicho vilikuwa mbali, kusini mwa Ziwa Tanganyika, Urambo kikabaki yatima.

Mwaka 1898 kikakabidhiwa kwa Wamoravian wa Kijerumani, waliokuwa Rungwe tangu 1891. Hao walitawanyika upesi: Kitunda, Sikonge, Ipole, Usoke, hata Tabora mjini. Edmund Dahl akajifunza Kinyamwezi kwa bidii ya ajabu, na kamusi yake ikatoka 1915.

Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Tabora, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Hadi Wamoravian wa Denmark walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, shirika zilishikwa na walimu na wazee wenyeji. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kanisa lilipokuwa la Wanyamwezi wenyewe. Wazungu tunawajua kwa majina. Walimu hao hatuwatendei haki. Aliye na picha, cheti cha ubatizo au daftari la babu yake aliyefundisha Urambo, Usoke au Sikonge, aipelekee nakala ofisi ya ushirika wake.