Uchumi ukiyumba, biashara ya wachumba wa intaneti inakuwaje?

Bei zikipanda na kazi zikipungua, watu hukata matumizi yasiyo ya lazima. Mtu angetarajia tovuti za kutafuta wachumba ziwe za kwanza kufungwa. Lakini katika biashara hii wanaotafuta huweza kuongezeka, hata pale wanaolipa wanapopungua. Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, tofauti hiyo ina maana yake.

Mtikisiko wa 2008

Match.com ilianza Marekani mwaka 1995. Mabenki yalipoanguka mwaka 2008, tovuti kubwa za nchi hiyo, zikiwemo Match.com na eHarmony, zilitangaza kwamba wateja wao wameongezeka. Sababu iliyotajwa ni kwamba ada ya mwezi mzima ilikuwa nafuu kuliko kutoka mara kadhaa kwenda hotelini. Isitoshe, aliyepoteza kazi ana muda mwingi na hapendi kubaki peke yake.

Baada ya 2022

Bei zilipopanda dunia nzima, mambo yalikuwa tofauti. Match Group, inayomiliki Tinder, ilikuwa na wateja wanaolipa kama milioni 16.4 katikati ya 2022. Mwisho wa 2024 walibaki kama milioni 14.6. Hata hivyo mapato yalipanda kutoka dola bilioni 3.2 mwaka 2022 hadi karibu bilioni 3.5 mwaka 2024, kwa kuwa waliobaki walitozwa zaidi. Ugumu wa maisha haukuwa sababu pekee, maana vijana wengi pia walichoshwa na programu hizo. Mwaka 2025 Match Group ilitangaza kupunguza asilimia 13 ya wafanyakazi, na Bumble karibu asilimia 30.

Kizuka na Rumonge

Kizuka, katika eneo la Rumonge, watu huishi kwa mawese, samaki na usafirishaji. Huku ada ya dola ina uzito mwingine. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, dola moja ikatoka karibu faranga 2,087 hadi karibu 2,824. Ada ya dola 10 iliyokuwa faranga 20,870 ikawa 28,240 kwa siku chache, bila kampuni kubadili bei yake. Katika soko la pembeni dola ilikuwa ghali zaidi. Tena malipo mengi ya programu hizo hutaka kadi ya benki, wakati mkulima wa mawese au mvuvi amezoea fedha taslimu na Lumicash.

Kwa hiyo anayetafuta mchumba hutumia njia isiyo na ada, kama Facebook na WhatsApp. Fedha yake haiendi kwa tovuti ya wachumba, bali kwa vocha na kuchaji simu. Mafuta ya gari yakikosekana, kama ilivyotokea Burundi miaka ya karibuni, nauli hupanda na kuonana uso kwa uso huahirishwa. Mazungumzo ya simu hurefuka, na aliye upande wa pili huendelea kuaminiwa bila kuonekana.

Tahadhari kwa wafanyabiashara

Hapo ndipo matapeli hupata nafasi. Mfanyabiashara anayevuka mipaka anavutia kwao, kwa sababu amezoea kumtumia fedha mtu aliye mbali. Hadithi ya kawaida ni mchumba anayedai ametuma zawadi au mzigo, kisha mzigo "umezuiliwa forodhani" na unahitaji fedha za haraka.

- Ushuru haulipwi kwenye simu ya mtu binafsi. Dai hati ya forodha na namba yake, uihakikishe ofisini.
- Mtaji wa mzigo usichanganywe na fedha za mapenzi. Tumia namba tofauti za simu.
- Kabla ya kutuma hata faranga moja, muone mtu kwa video, au umtume ndugu aliye mji huo akamwone.
- Dereva asimweleze mtu asiyemjua mzigo aliobeba, njia anayopita wala saa ya kufika.
- Ukiisha kutuma, piga simu kwa kampuni ya simu mara moja, kisha polisi. Fedha ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu.

Mchumba wa kweli atasubiri hadi mafuta yapatikane na safari iwezekane. Anayeharakisha malipo anafanya biashara.