Mzee Rashidi Kawawa: Karani Aliyeacha Mshahara kwa Ajili ya Wafanyakazi



Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa kijijini Matepwende mwaka 1926, wengi tunamjua kama Waziri Mkuu na kama Simba wa Vita. Kabla ya vyeo hivyo alikuwa kiongozi wa wafanyakazi, na huo ndio utumishi tunaopenda kuuenzi mwaka huu.

Ili kuuelewa, tukumbuke hali ya kwetu enzi za mkoloni. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha Songea zilikuwa adimu. Vijana wetu wengi wakaenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wakala wa wenye mashamba, SILABU, aliwaandikisha kwa mkataba. Aliyeonewa huko hakuwa na wa kumsemea.

Kawawa alisoma Tabora, kisha akawa karani na afisa wa ustawi wa jamii serikalini. Hata kwenye sinema alionekana, katika filamu ya Muhogo Mchungu. Kwa Mwafrika wa wakati ule, hiyo ilikuwa kazi ya heshima yenye mshahara wa uhakika. Lakini aliingia katika TAGSA, chama cha Waafrika watumishi wa serikali, na akafika kukiongoza. Oktoba 1955 vyama mbalimbali viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, naye akachaguliwa Katibu Mkuu. Tom Mboya wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliowashauri waasisi wake.

Hapo palikuwa na uamuzi mzito. Tangu 1953 serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwaka 1956 Kawawa aliacha kazi ya serikali, akawatumikia wafanyakazi kwa muda wake wote na kuwa huru kufanya kazi ya TANU.

Miaka iliyofuata haikuwa myepesi. Desemba 1956 watumishi wa majumbani na wa mahoteli waligoma Dar es Salaam. Mwaka 1958 waligoma wafanyakazi wa kiwanda cha bia, na TANU ikawaomba wananchi wasinywe bia. Mwaka 1960 mgomo wa reli ulidumu siku 82. Mpishi, kuli na karani walijifunza kusimama pamoja, na somo hilo likaisaidia nchi kufika Uhuru.

Tukiandika historia, tuiandike yote. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili aijenge TANU, na Kawawa akashika nafasi hiyo. Katika mwaka huohuo serikali yake ilipitisha sheria zilizobana migomo. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja chini ya mkono wa serikali. Baadhi ya wenzake wa zamani walilalamika kwamba aliyewafundisha kugoma ndiye sasa aliyewafunga mikono. Upande wa serikali ulijibu kwamba nchi changa na maskini haiwezi kujengwa kwa migomo. Wazee wetu bado wanabishana juu ya jambo hilo, na si vibaya vijana wakalijadili pia. Kumheshimu mzee hakutuzuii kuuliza.

Baadaye alikuwa Makamu wa Rais, Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977, na Katibu Mkuu wa CCM. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Kwa chama chetu, fundisho kubwa liko kule mwanzo. Nguvu ya vyama vya wafanyakazi ilitoka kwa watu wenye kipato kidogo waliokubali kutoa ada na kufika mkutanoni. Haba na haba hujaza kibaba. Manamba wetu walihangaika ugenini kwa sababu nyumbani hapakuwa na njia nyingine. Mtoto wa Namtumbo anayekosa dawati au ufundi leo anaweza kuondoka kwa sababu ileile.

Kwa hiyo, ndugu, ukimaliza kusoma, jaza fomu ya ahadi. Toa ulichojaliwa, hata kama ni kidogo, na ukitimize.