Pande Mbili za Kadi ya Posta

Watu wengi hudhani kuwa historia hukaa katika vitabu vinene na mikataba ya wafalme tu. Kwa hakika hukaa pia katika vitu vidogo ambavyo aghalabu hutupwa. Tutazame kimoja, ewe msomaji: kadi ya posta ya zamani yenye picha ya ufuko wa Kisumu, na maneno yaliyoandikwa kwa mkono nyuma yake.

Tuanze na umri wake. Mwanzoni upande mmoja wa kadi ulikuwa wa anwani peke yake, na mwenye neno la kusema alilibana kando ya picha. Mwaka 1902 Posta ya Uingereza iliruhusu upande wa anwani ugawanywe kwa mstari, nusu ya anwani na nusu ya maneno. Kwa hiyo kadi isiyo na mstari huo yamkini ni ya kale zaidi. Stempu nayo ni shahidi. Yenye majina ya Kenya na Uganda tu haitangulii mwaka 1922. Yenye jina la Tanganyika pamoja nayo haitangulii mwaka 1935.

Kadi zilifuata njia za wasafiri. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Jina hilo halikudumu; la Kisumu ndilo lililosalia. Baada ya miaka michache meli Winifred na Sybil zilikuwa zikivusha abiria ziwani, na mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zikaanza kupitia mji huo. Msafiri anayengoja chombo hana nafasi ya barua ndefu. Ndiyo maana maneno ya kadi za safari kwa kawaida ni machache: nimefika salama, joto ni kali, kesho twaondoka.

Sasa geuza kadi. Pana maji, mitumbwi, na watu wanaooga au kuteka maji. Chini yake aghalabu pamechapwa neno moja: Kavirondo. Wajaluo na Waluhya hawakujiita hivyo. Wageni ndio waliowabandika wote jina hilo, na ghuba yao pia, ambayo leo twaiita Winam. Kwa wakazi wa ufuko, kuoga ziwani kulikuwa jambo la kila siku kama kuwasha moto. Katika kadi kuligeuzwa kuwa tamasha la kumstaajabisha mnunuzi wa Ulaya. Aliyeandika kadi alitia jina lake. Aliyepelekewa ana jina na nyumba. Aliyepigwa picha hana hata kimoja. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Lakini huyu alikuwapo, tena mbele kabisa, na lake halipo!

Je, tuzichome kadi hizo? Hasha. Picha hujua mengi kuliko aliyeipiga. Tazama vyombo vya uvuvi: nyavu za kitani za kunasia samaki zililetwa katika ghuba hiyo mwaka 1905, na kabla yake wenyeji walitegemea zaidi mitego na matenga waliyoyasuka wenyewe. Tazama na mchanga. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 na kufunika fuko nyingi; mwezi Mei 2020 likakaribia tena kimo hicho. Huenda ufuko ulio katika kadi ya kale hauonekani tena po pote ila katika kadi hiyo.

Basi, ukiipata kadi ya namna hii, soma pande zote mbili, kisha uliza lile ambalo halikuandikwa upande wo wote. Ipeleke kwa wazee wa Dunga au wa fuko nyingine. Waulize: Hapa paliitwaje? Mtego huu ulisukwa kwa nini? Watu hawa wangeweza kuwa wa ukoo gani? Andika majibu katika daftari, na tarehe yake. Karatasi hungoja miaka mia. Mzee hawezi kungoja hivyo.