Wauguzi Waliowafundisha Wenye Kisukari

Katika habari za hospitali za Kanisa husifiwa sana madaktari na majengo. Wauguzi hutajwa kwa neno moja, tena mwishoni. Basi katika Yubilei hii yafaa tukumbuke kazi yao moja, nayo ni kuwafundisha watu wazima wenye ugonjwa wa kisukari.

Kabla ya mwaka 1922 mgonjwa wa namna hiyo hupunguziwa chakula tu, hata wengine wakawa mifupa mitupu. Ndipo Januari ya mwaka ule, katika mji wa Toronto, kijana wa miaka 14 alipigwa sindano ya insulini, dawa iliyotolewa katika kongosho la mnyama. Watu walishangilia, lakini dawa hii haiondoi ugonjwa, na kesho yake huhitajiwa tena. Nani ataishika sindano mgonjwa akiisha kurudi kwake?

Jambo hilo alilitambua Daktari Elliott Joslin wa Boston, Marekani. Mgonjwa wake wa kwanza kupewa insulini, Agosti 1922, alikuwa mwenyewe muuguzi. Katika Hospitali ya Deaconess, iliyoanzishwa na mashemasi wa kike wa Kimethodisti mwaka 1896, wauguzi walifanywa walimu. Walimwonyesha mgonjwa kuchemsha sindano ya kioo, kupima chakula kwa mizani, na kuitazama miguu yake kila siku, kwa maana kidonda kidogo kisichotunzwa kimewapotezea wengi miguu. Walimfundisha pia kupasha moto mkojo pamoja na dawa ya rangi ya samawati: ikibaki vile vile, hamna sukari, ikiwa nyekundu kama tofali, sukari imezidi. Wengine walitumwa mpaka majumbani, wakaitwa wauguzi wazungukao. Katika miaka ya 1950 Daktari Joan Walker wa Leicester, Uingereza, alifanya vivyo hivyo.

Sisi makatekista tungepaswa kuielewa kazi hii upesi, lakini mimi nilikosa. Kwaresima moja nalimhimiza mzee wa mtaa wetu afunge kama wenzake, nisijue kwamba hujipiga insulini kila asubuhi. Akafunga, akajipiga sindano kama desturi, na kabla ya ibada kwisha akaanguka, mwili wote jasho. Muuguzi mmoja alikuwapo. Alipoona kwamba mzee aweza kumeza, alimnywesha maji ya sukari. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba insulini pasipo chakula huishusha sukari ya damu hata mtu azimie, pengine afe. Tangu mwaka ule, kabla sijatangaza mfungo, yeye ndiye asemaye kwanza na watu.