Zilishindwa Angani, Zikadumu Kwenye Kalibu

Ndege ya majaribio Douglas X-3 Stiletto ilijengwa moja tu. Wamarekani waliikusudia ifikie kasi maradufu ya sauti, lakini injini zake zilikuwa dhaifu mno, hata ikawa inavuka kasi ya sauti pale tu inapoteremka kwa kasi. Convair Pogo nayo ilisimama kwa mkia. Mnamo Novemba 2, 1954 rubani James Coleman aliinua ndege hiyo wima, akailaza angani, kisha akaitua wima tena. Hata hivyo mradi ulifutwa, kwani kutua huku rubani akichungulia nyuma ya bega lake ni kazi ambayo wachache wangeiweza. Leo watu bado wanaunganisha mezani kwa gundi seti za vipande vya plastiki vya mifano midogo ya ndege hizo, kwa kuwa kampuni ya mifano ya Lindberg ilizichongea kalibu za chuma na kalibu hizo hazikutupwa. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani yake kwa nguvu, kama inavyofanywa kwa mabeseni ya jikoni. Kampuni ya Hobbico, iliyomiliki chapa nyingine za mifano kama hiyo, Revell na Monogram, ilipofilisika mwaka 2018, kalibu zake nyingi zilinunuliwa na kampuni ya Atlantis ya New York, ambayo imezirudisha kazini. Kwa maoni yangu kalibu hizo ni nyaraka za historia, na zingeweza kuishia kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Wapo watakaosema kwamba seti za zamani zina makosa, kwa hiyo si ushahidi wa lolote. Ni kweli zina makosa, na humo ndimo thamani yake kubwa ilimo. Mwaka 1986 kampuni ya Testors iliuza seti ya ndege iitwayo F-19, iliyobuniwa kwa kukisia sura ya ndege ya siri isiyoonekana kwa rada. Ndege halisi, F-117, ilipotangazwa Novemba 1988, haikufanana nayo hata kidogo. Anayeishika F-19 leo anashika fikra za umma wa wakati ule, jambo ambalo picha ya F-117 haiwezi kumwonyesha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba haya ni mambo ya wenye nacho: mzazi wa mtaa wa Kiandutu, pale Thika, anawaza unga na kodi ya nyumba. Nalikubali hilo, wala sisemi seti hizo ziagizwe. Ninachodai ni kwamba watoto wa mitaa kama huo kote Kenya wameunda magari na ndege za waya, makopo na vipande vya patapata kwa miongo mingi, tena bila kalibu. Kila kimoja kikivunjika, ubunifu wake hupotea nacho. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu wa Nyeri aliandikwa magazetini kwa kujenga ndege nzima nyumbani yenye injini ya gari. Ndege hiyo haikuruka, lakini X-3 haikufikia lengo lake pia, na takwimu zake ziliwafaa wahandisi waliofuata. Makumbusho ya Taifa ya Kenya na shule za Thika zianze sasa kukusanya vifaa hivi, zivipime, zivichore, na ziandike jina la fundi na mwaka.