Ung'eng'e wa kazini: namna ya kuomba, kukataa na kuomba radhi bila kuonekana jeuri

Wengi wetu tumesoma sekondari kwa Kiingereza, lakini kile ni Kiingereza cha daftari. Siku umepata kibarua mapokezi, ukasimama mbele ya mgeni, ndipo unaona kazi. Hapa Mvumi wageni si wa kubahatisha. Hospitali ya Mvumi, iliyo chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kanisa Anglikana, imeshapokea madaktari na wanafunzi wa udaktari wengi kutoka nje.

Shida si kwamba hatuna adabu. Sisi adabu tunaiweka kwenye salamu. Ukishasema shikamoo, au mbukwa kwa Kigogo, hata ukimwambia mtu "nipe ile faili" hakasiriki. Mwingereza salamu yake ni fupi, adabu anaiweka ndani ya sentensi yenyewe. Ukimtafsiria neno kwa neno, adabu inabaki kwako, kwake inafika amri.

1. Salamu
Shikamoo haina tafsiri. "Good morning" ni ya wote, mkubwa na mdogo. Jioni unapoingia sema "Good evening". "Good night" ni ya kuagana tu.

2. Kuomba
"Give me the key" na "I want the key" zinasikika kama amri. Sema "Could I have the key, please?" Ukitaka mtu afanye kitu: "Could you sign here, please?" Hiyo "could" ndiyo "naomba" yao.

3. Hujasikia
Usiseme "What?" Sema "Sorry, could you say that again, please?" Na usiitikie "yes" kwa kitu ambacho hujakielewa, utajichongea mwenyewe.

4. Unatoka kidogo
Sisi tunasema "nakuja" huku tunaondoka. Ukisema "I'm coming" halafu ukatoka mlangoni, mgeni atabaki ameduwaa. Sema "I'll be right back."

5. Pole
"Sorry for work" haipo. Mtu anahangaika na mzigo? Muulize "Can I help you with that?" Kajikwaa? "Are you all right?" Kafiwa? Hapo ndiyo unasema "I'm very sorry for your loss."

6. Kukataa na kumsahihisha bosi
"The doctor is not there" ni kavu mno. Sema "I'm afraid the doctor isn't in today." Hapo hakuna anayeogopa kitu, ni namna ya kulainisha habari mbaya. Bosi amekosea hesabu? Usimwambie "You are wrong." Sema "I think there may be a mistake here. Could we check it?"

7. Mitego miwili ya hatari
Kwanza, "yes" na "no". Daktari anauliza "You haven't given him the medicine?" Kiswahili kinatutuma kujibu ndiyo, yaani ni kweli sijampa. Ukisema "Yes" tu, anaweza kuelewa umeshampa, na mgonjwa akakosa dozi. Jibu sentensi nzima: "No, I haven't given it yet."

Pili, saa. Saa mbili asubuhi ni "eight in the morning". Ukimwambia mgeni "two o'clock" atakuja saa nane mchana, na wewe utaonekana ndiye uliyemchezea. Kwa dawa, au gari la kwenda Dodoma mjini, hilo si jambo la kucheka.

Jamani, lafudhi isiwape presha. Hakuna anayefukuzwa kazi kwa kutamka kama Mgogo. Ila mtu anaweza kuitwa jeuri kwa sentensi moja ambayo kwao Kiswahili ilikuwa ya heshima kabisa. Zinakilini hizi, mzisome kwa sauti wawili wawili, mmoja mgeni mwingine mapokezi.

Mdau mwenye nyongeza aiweke hapo chini.